Kabla ya kununua darubini ya kutazamia ndege, chukua rula

Mtoto wa jirani, wa darasa la tano, alinikuta jioni moja nimesimama nje ya kibanda changu, shingo nimeikunja nyuma, darubini ipo machoni. "Shikamoo, fundi. Unatazama ndege wale au ndege zile?" Swali zuri. Lugha yetu imewapa kunguru na Airbus jina moja, kisha ikaviachia viambishi kazi ya kuwatenganisha. Nikamjibu kuwa mimi ni wa "zile". Akaomba naye aangalie, na kabla hata hajaiweka machoni akauliza lile ambalo huulizwa na kila mtu mzima anayeingia kibandani: "Inavuta mara ngapi?"

Natengeneza miwani na kamera hapa Mtwara. Darubini nazo huletwa: za wavuvi, za watu wa bandarini, za waongoza wageni wa Mikindani. Kutazama ndege ni ugonjwa wangu binafsi. Na hilo swali la inavuta mara ngapi ndilo linalowapotezea watu fedha.

Hata mimi lilinipotezea. Darubini yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, ndogo ya kuenea kiganjani, imeandikwa 30x60 kwa rangi ya dhahabu. Muuzaji alinionyesha ghorofa la mbali, nikaridhika, nikalipa. Niliporudi nyumbani nikaweka rula juu ya lenzi ya mbele: milimita 22. Nikarudia, nikidhani nimekosea kusoma. Ishirini na mbili.

Kwenye darubini ya kweli, namba ya kwanza ndiyo nguvu ya kuvuta, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Iliyoandikwa 8x42 inavuta mara nane na lenzi yake ina milimita 42. Namba ya pili unaipima kwa rula ya mwanafunzi hapo hapo kaunta, bila kumuuliza mtu. Ya kwanza pia inapimika, na hili wauzaji wengi hawalijui. Ishike darubini mbali na uso, urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga jeupe. Katikati ya kila kioo cha jichoni utaona kiduara cha mwanga. Pima upana wake, kisha gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa upana huo. Jibu ndilo kuvuta kwake. Kiduara cha ile yangu kilikuwa milimita 3 na nusu. 22 gawanya kwa 3.5 ni sita na ushei. Nilinunua thelathini nikapewa sita.

Wakati mwingine hesabu hukupa namba kubwa kuliko iliyoandikwa. Usifurahi. Maana yake ni kwamba mtengenezaji ameweka pete ndani ya bomba ili kuficha ubovu wa kingo za lenzi, kwa hiyo ile milimita 50 unayoiona kwa nje haifanyi kazi yote.

Sasa ndege inahitaji kuvutwa kiasi gani? Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinataka herufi za usajili ubavuni mwa ndege ziwe na kimo kisichopungua sentimita 30. Jicho zima husoma herufi ya kimo hicho kutoka mita 200 hivi. Kwa darubini ya mara 8, hesabu inakufikisha mita 1,600, na ya mara 10 mita 2,000. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Mikono hutetemeka, hewa huchemka, basi katisha nusu. Nusu yenyewe bado ni mita 800, na kwa umbali huo 5H ya Tanzania huichanganyi na C9 ya jirani zetu wa Msumbiji. Ile inayopita kilomita 10 au 11 juu ikiacha mstari mweupe, sahau usajili wake. Herufi za chini ya bawa huwa na sentimita 50, na kuzisoma kutoka huko ungehitaji kuvuta zaidi ya mara 30 huku mikono imetulia kama jiwe. Utahesabu injini, utaona rangi ya mkia, jina lake utalipata kwenye Flightradar24, ile tovuti inayoonyesha ndege zilizo angani.

Kinachosahaulika ni upana wa eneo unaloliona. Huandikwa juu ya darubini, ama kwa nyuzi za pembe (digrii), ama kwa mita katika umbali wa mita 1,000. Uzi mmoja ni mita 17 na nusu. Darubini nyingi za 10x50 huwa na nyuzi 6.5, yaani mita 114. Chukua ndege iliyo mita 300 kutoka ulipo: unaona kipande cha anga cha mita 34 tu. ATR 72, yenye urefu wa mita 27, inaenea. Bombardier Q400, karibu mita 33, inabana. Airbus A220-300 ina mita 38 na ushei, kwa hiyo pua ukiiona mkia umetoka. Na yote hiyo inakimbia mita 60 au zaidi kwa sekunde. Darubini ya mara 8 yenye nyuzi 8 inakupa mita 42 pale pale, na unaweza kuikamata ndege bila kuitafuta mawinguni kama aliyedondosha sindano.

Ndiyo maana nikilazimishwa kutaja namba moja, nasema nane. 8x40 au 8x42. Ukiwa na kifua na mikono ya mpiga makasia, chukua 10x50, lakini kumbuka itakaribia kilo moja na ndege huchelewa. Zaidi ya kumi bila stendi ya miguu mitatu ni kutazama mapigo ya moyo wako mwenyewe. Zipo za Canon zinazotuliza mtikisiko kwa betri, ni nzuri mno, ila kwa bei yake humu hazimo.

Zile za kuzungusha kutoka mara 10 hadi 30, au hata 50, ziache dukani. Sijapata kufungua ya bei nafuu ya namna hiyo ikawa pande zake mbili zinavuta sawasawa, na eneo linaloonekana huwa finyu kama tundu la kitasa.

Kuhusu umbo. Zile za mabega mapana, ambazo lenzi za mbele zimeachana kuliko za jichoni, hutumia prizimu (vipande vya kioo vinavyopinda mwanga ndani ya bomba) za Porro, kwa jina la Ignazio Porro, Mwitaliano aliyepata hataza yake mwaka 1854. Zile za mabomba yaliyonyooka zinapendeza, zinaingia mfukoni, lakini prizimu zake zinadai kazi ya usahihi mkubwa zaidi na utando wa ziada, na gharama hiyo lazima ilipwe na mtu. Kwa fedha ndogo, mabega mapana hukupa picha bora. Wateja hunibishia kwa sababu zinaonekana za kizamani. Ni za kizamani kweli.

Twende dukani. Rula imeshafanya kazi yake, na kile kiduara cha mwanga bado kina la kusema: kikiwa mviringo safi, prizimu ni za kioo kizuri, kile kinachoandikwa BaK-4. Kikiwa na pembe za kijivu kama almasi, ni kioo cha daraja la chini, BK7. Picha itafifia pembeni, ingawa si sababu ya kuikataa kama bei ni ndogo.

Kisha simama chini ya taa ya bomba na utazame mwako wake kwenye lenzi ya mbele. Kioo kisicho na utando, ile ngozi nyembamba ya kupunguza mwako, hurudisha asilimia 4 hivi ya mwanga kwenye kila uso, na darubini ina nyuso nyingi. Nyuso kumi tu za namna hiyo zinakula theluthi ya mwanga wote. Mwako ukiwa hafifu, wa kijani au zambarau, utando upo. Ukiwa mweupe unaong'aa, haupo. Ukiwa mwekundu kama rubi, ambao ndio watu huupenda, weka chini uondoke: unarudisha nje rangi nyekundu iliyotakiwa ikufikie, na ndege yako itakuwa na ubuluu wa mgonjwa. Huko pwani kuna anayewaambia watu wekundu huo ni wa kuona usiku. Hakuna kitu kama hicho.

Jaribio la mwisho ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, hasa kwa mtumba. Tazama mstari uliolala mbali, mfano paa la kivuko cha Msangamkuu au waya wa umeme. Ukishaiona picha vizuri, ondoa darubini taratibu kutoka usoni, sentimita tano hivi, huku ukiendelea kutazama. Mistari ya kulia na kushoto ikibaki kwenye kimo kimoja, mabomba yako sambamba. Mmoja ukipanda na mwingine kushuka, darubini ilidondoka, na macho yako yatafanya kazi ya kuivuta irudi sawa mpaka kichwa kiume. Hao ndio wateja wangu wakubwa, wanaokuja na maumivu ya kichwa wakidhani wanahitaji miwani. Kuinyoosha inawezekana, lakini si kazi ya bisibisi ya nyumbani.

Tukiwa kwenye miwani: anayetaka kutazama bila kuivua atafute iliyoandikwa nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya kioo cha jichoni na jicho lako, ya milimita 15 au zaidi. Kama miwani yako ni ya kuona mbali tu, ivue. Gurudumu la katikati litakufidia. Mwenye silinda kubwa, yaani lenzi ya kurekebisha jicho lililopinda, hana njia hiyo.

Majina? Nikon Aculon A211 ya 8x42 na Olympus 8x40 DPS I ni darubini za kawaida, za mabega mapana, na zote nimezifungua bila kusikitika. Kwa anayevaa miwani ya silinda hazimfai, nafasi ya jicho ni ndogo. Kwenye mtumba, ukikutana na za Urusi ya kisovieti zilizoandikwa БПЦ, 7x50 au 8x30, usizidharau kwa rangi iliyobanduka. Picha huwa na umanjano kidogo kama chai ya rangi iliyozidi maji, ila chuma na kioo vyake ni vya watu waliokusudia. Ninayoitumia mimi ni hiyo ya 7x50. Inanitosha kutenganisha ATR na Q400 zikiwa bado mbali, kwa miguu: zote mbawa ziko juu na mkia una umbo la T, lakini magurudumu makuu ya Q400 huning'inia kwa miguu mirefu kutoka chini ya injini, wakati ya ATR hutokea tumboni. Twiga mkiani mwa Air Tanzania utamwona baadaye.

Uwanja wetu uko kusini mwa mji na njia yake kuu imelala karibu kaskazini kwa kusini. Ndege hutua ikiukabili upepo, kwa hiyo msimu wa kusi zitegemee kutokea upande wa mji na bahari, na kaskazi ikishika zitegemee kutoka bara, upande wa kusini. Asubuhi simama mashariki ya njia yake ili jua liwe mgongoni, jioni simama magharibi. Baada ya saa nne asubuhi ardhi inachemka na picha inacheza kama iko chini ya maji. Hapo hata darubini ya milioni haikusaidii. Mwezi wa pili na wa kumi jua letu linapita utosini kabisa, nawe unayefuata ndege angani unaweza kuligusa kwa bahati mbaya. Sekunde moja ya jua ndani ya darubini inatosha kuharibu jicho.

Na usisimame kwenye uzio. Huu ni mkoa wa mpakani, na mtu aliyesimama na darubini karibu na uwanja wa ndege lazima aulizwe. Mimi niliulizwa na mgambo mara ya pili tu nilipokwenda. Nilimsalimu, nikampa darubini atazame mwenyewe, kisha nikaenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Sasa nikikosekana wiki mbili wananiulizia.

Nikon na Olympus nilizozitaja hazijazibwa dhidi ya maji, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Kuvu huota ndani ya kioo kama nyuzi za buibui, na ikishakula utando sina dawa. Usiifungie kwenye mfuko wake wa ngozi bandia kabatini. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uitoe mara kwa mara ipate mwanga. Vumbi lipulize kwanza. Ukifuta kwa ncha ya kanga wakati mchanga bado uko juu ya lenzi, unapiga msasa.