Hawajasogea: tunayokosea kuhusu mazoezi ya jeshi pembezoni mwa Dodoma

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, baridi ya Dodoma imekaza. Jogoo wa jirani ndiyo kwanza anasafisha koo, mara upande wa porini: tu, tu-tu, tu. Haipiti dakika simu inaita. Ni dada wa nyumba ya tatu.

"Kaka, umesikia? Leo wamesogea. Wako hapo nyuma ya mbuyu."

Hawajasogea. Wako kulekule walikokuwa juzi na mwaka jana. Lakini simcheki, kwa sababu dada huyu alihamia huku na mumewe serikali ilipohamia Dodoma, na kabla ya hapo walikuwa wakiishi Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Mtu aliyekuwa Gongo la Mboto usiku wa Februari 16, 2011, ghala la silaha lilipolipuka, ana haki ya kushtuka na mlango uliopigwa na upepo. Tatizo si kushtuka. Tatizo ni kwamba mtaani kwetu tumegawanyika: wako wanaoogopa visivyo vya kuogopwa, na wako wanaochezea vinavyoua, na mara nyingi ni watu walewale.

"Mlio ukisikika karibu, ujue wako karibu"

Hili ndilo linalowasumbua wengi, na sababu yake ni hewa. Dodoma tuko juu kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi mbingu haina wingu. Usiku ardhi inapoa haraka, hewa iliyo chini inakuwa baridi na ile ya juu yake inabaki na joto. Sauti ikipanda kwenye hewa ya namna hiyo haitokomei angani. Inapinda na kurudi chini, kwenye paa lako. Ndiyo maana mlio wa alfajiri unaingia hadi chumbani, na ule wa saa saba mchana, wa silaha ileile, umbali uleule, unausikia kama mtu anayekung'uta mkeka kwa mbali. Ongeza upepo wetu wa mashariki. Wanaokaa magharibi mwa uwanja wa shabaha watasikia zaidi ya wanaokaa mashariki yake, hata wakiwa mbali zaidi.

Ukitaka kupima, usipime kwa ukubwa wa mlio. Usiku ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie kishindo: kila sekunde 3 ni karibu kilomita 1. Bunduki ya kivita mdomoni mwake hutoa kishindo cha karibu desibeli 160, ambacho kinaharibu sikio. Ila kila umbali unapoongezeka mara mbili, hupungua desibeli 6 hivi. Kutoka mita 1 hadi kilomita 1 umbali unakuwa umejirudufu mara 10, kwa hiyo desibeli 60 zimeshapotea njiani, kabla hujahesabu vichaka na vilima. Kinachobaki kinamwamsha mtoto, kinamtibua ng'ombe, kinampandisha presha mgonjwa. Hakipasui ngoma ya sikio.

Nasisitiza hapo kwenye mtoto na mgonjwa, maana wapo wanaosema kelele si madhara. Kukosa usingizi wiki nzima ni madhara. Ni lalamiko halali, na lina nguvu zaidi likisemwa hivyo lilivyo kuliko likipambwa kwa risasi ambazo hakuna aliyeziona.

"Iko siku yatatokea ya Mbagala"

Mbagala Aprili 29, 2009, na Gongo la Mboto chini ya miaka miwili baadaye, watu walikufa, nyumba zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi. Kumbukumbu hiyo si ya kupuuzwa. Ila kilicholipuka mara zote mbili ni maghala ya kuhifadhia silaha, si mazoezi. Tofauti hii si ya maneno tu. Uwanja wa shabaha ni mahali ambapo risasi zinaletwa kwa hesabu, zinapigwa, na zinazobaki zinarudishwa. Ghala ni mahali ambapo mzigo mkubwa umelala miaka, na hatari yake haina mlio wowote mpaka siku yenyewe.

Kwa hiyo anayeuliza "mbona wanapiga sana?" anauliza swali dogo. Swali kubwa ni kama karibu na mtaa kuna hifadhi ya milipuko, na kama umbali wa usalama kati yake na nyumba za watu bado upo au umeshajengwa. Na mara nyingi anayeujenga ni sisi. Nitarudi hapo.

"Wale kuruta wanaoimba asubuhi wanajiandaa na vita"

Hapana. Vijana wengi mnaowaona kwenye mchakamchaka ni wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 10, 1963. Wapo wa kujitolea, na wapo wa mujibu wa sheria waliomaliza kidato cha sita, utaratibu uliosimamishwa miaka ya 1990 na kurudishwa 2013. Mtoto wa dada yangu alikuwa mmojawao. Alirudi mweusi tii, amekonda, na anajua kupalilia zabibu.

"Mazoezini wanatumia risasi baridi tu"

Si kweli, na hata risasi baridi si mchezo. Risasi baridi haina kichwa, lakini inatoa moto na gesi kali mdomoni mwa bunduki. Kwa umbali wa hatua chache inajeruhi vibaya. Na shabaha hufundishwa kwa risasi za moto. Hapa naomba anayesema "hapa hazifiki, ni mbali" anisikilize. Bunduki ya kivita, SMG kama tunavyoiita, shabaha yake ya uhakika ni mita 300 hadi 400. Hiyo haimaanishi risasi inaanguka hapo. Isipozuiwa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2, na ikigonga jiwe inadunda na kwenda isikokusudiwa. Ndiyo maana uwanja wa shabaha hujengewa tuta nene la udongo nyuma ya vibao, na ndiyo maana siku za kupiga bendera nyekundu hupandishwa. Ukiiona, hata kama njia ya mkato kwenda kuchota maji inapita hapo miaka yote, zunguka.

"Nyumba imepata ufa kwa ajili ya mabomu yao"

Nimeitwa kuangalia nyufa nyingi, maana mimi ni fundi ujenzi. Karibu zote zilikuwa na sura moja: zinaanzia kwenye kona ya dirisha, zinashuka kingazingazi kufuata maungio ya tofali. Huo ni ufa wa msingi. Sehemu kadhaa za Dodoma zina udongo mfinyanzi unaovimba mvua zinaponyesha, Desemba hadi Aprili, kisha unasinyaa na kupasuka miezi yote ya kiangazi. Ukiweka msingi wa futi moja na nusu juu ya udongo huo bila mkanda wa zege, nyumba itapasuka hata ukiwa na amani na majirani wote. Tena tuko kwenye Bonde la Ufa. Matetemeko madogo tunayasikia mara kwa mara, na mengine yanapita tumelala.

Kishindo cha angani kikiwa na nguvu ya kupasua ukuta, vioo vinakuwa vimeshatangulia. Ukuta una ufa na vioo vyote vizima? Anza na msingi.

Lakini usiniamini mimi wala jirani yako. Chukua penseli, piga mstari mdogo kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Rudia kila mwezi. Kama ufa unakua hata miezi ambayo hakuna mlio, umepata jibu. Kama ulitokea siku moja na kishindo, na vioo vikaenda, una ushahidi wa kupeleka mbele, na una uzito kuliko kikao cha watu arobaini wanaopiga kelele.

"Sisi ndio wenyeji, jeshi limetukuta"

Kuna mahali ni kweli. Kuna mzee wa Kigogo upande wetu ambaye ukimsalimia "mbukwenyi" atakuitikia na kukuonyesha kwa fimbo shamba la uwele la baba yake lilipokuwa. Kwa watu kama yeye ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Kupigania hilo si kupinga jeshi.

Ila tusidanganyane. Manispaa ya Dodoma ilikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 imekuta jiji lina 765,179. Watu hao wamejenga mahali fulani. Dalali anakupeleka kwenye kiwanja cha bei ya kutupa, anakwambia "hapa ulinzi wa bure, umepakana na jeshi", unalipa, unamwaga zege, mwaka wa tatu unasikia umejenga ndani ya bikoni, yaani mipaka, ya jeshi. Mimi mwenyewe niliwahi kulipwa kujenga nyumba ya namna hiyo. Sikuuliza. Kabla ya kutoa hela, fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi na uombe kuona mchoro wa mipango miji. Kibao kilichochakaa chenye maneno "Eneo la Jeshi" hakipotezi nguvu kwa sababu kutu imekula herufi mbili.

"Mambo ya jeshi hayaulizwi"

Siri za jeshi haziulizwi. Tarehe ya mazoezi si siri ya namna hiyo. Kuna mazoezi mengi ambayo wananchi hutangaziwa mapema wasitaharuki. Mtaani njia ni ileile ya kila siku: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, diwani, hadi kwa mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Nendeni na maombi yanayotekelezeka. Tuambiwe siku za risasi za moto. Wiki ya mitihani ya darasa la saba mlio usianze kabla ya mchana. Bendera iwekwe pia upande wa njia ya wachunga mbuzi. Ni maombi ambayo afande mwenye watoto anaweza kuyajibu. Kupiga picha kambi au kurusha droni juu yake ni kesi, na utakuwa umewaharibia wenzako.

"Siku wasipopiga, pale ni pori tu"

Hapa ndipo ninapokosa usingizi, na huwa ni siku ambazo hakuna mlio wowote. Dada wa nyumba ya tatu anayenipigia alfajiri, mwanawe wa miaka kumi anapita kule mchana kuokota kuni na maganda ya risasi. Maganda ni shaba, mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na guta lake, anapima kwa kilo. Hakuna aliyemkataza mtoto, kwa sababu siku hiyo hakuna mlio.

Ganda tupu halina neno. Lakini mtoto hatofautishi ganda na risasi iliyogoma kulipuka, wala hajui kwamba kitu kilichotupwa kikakataa kulipuka hakijafa, kinasubiri tu kuguswa. Novemba 2017 huko Ngara, mkoani Kagera, bomu la mkono lilifika hadi Shule ya Msingi Kihinga mikononi mwa mtoto aliyedhani ni chuma chakavu. Wanafunzi 5 walikufa. Halikutoka kwenye uwanja wa mazoezi, lakini safari yake kutoka porini hadi shuleni ndiyo hiyohiyo ya watoto wetu. Mtu mzima naye ajue kwamba kukutwa na risasi bila kibali ni kosa chini ya sheria ya silaha ya 2015, iwe nzima au imeshika kutu.

Ukikuta kitu usichokijua, usikiguse, usikirushie jiwe, usikifunike. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama kwa mbali, mwambie mwenyekiti au piga 112.

Jumamosi iliyopita nilimwita yule kijana, nikamwomba anionyeshe mali yake. Akaleta kopo la rangi la lita nne, limejaa nusu. Tulilimwaga polepole juu ya gunia, mimi na mama yake tukiwa tumechuchumaa. Maganda matupu, matupu, matupu, na katikati yake moja lililokuwa bado na kichwa. Mama yake aliliangalia muda mrefu, kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kana kwamba linasikia:

"Hili limekaa uvunguni mwa kitanda changu tangu lini?"