Nikeli Nyingi Si Umeme Mwingi

Kwa mara nyingine nimeletewa kidonge cha anodi (elektrodi ya upande wa fueli) kilichosheheni nikeli, na aliyekileta akataka kujua kwa nini umeme ni haba ilhali metali ameiongeza. Dhana kwamba nikeli ikizidi na umeme huzidi ndiyo inayonichosha kuliko zote katika kazi ya elektrodi za seli za fueli za oksidi yabisi, yaani vifaa vya kauri vinavyogeuza hidrojeni na oksijeni kuwa umeme.

Hidrojeni haitoi elektroni zake popote inapogusa nikeli. Hufanya hivyo pale ambapo vitu vitatu hukutana: nikeli inayobeba elektroni, zirkonia yenye itria, kauri inayopitisha ioni za oksijeni, na kitundu kinachoingiza gesi. Punje ya nikeli iliyozungukwa na nikeli tupu hubaki kuwa waya tu, na kwa kazi hiyo takriban asilimia 30 ya ujazo wa yabisi (bila kuhesabu vitundu) hutosha kuunganisha punje hizo toka upande hadi upande. Ukizidisha mno, zirkonia hukatikiwa na njia, punje za nikeli huvimba na kuungana seli inapofanya kazi kwenye nyuzijoto 800 za Selsiasi, na anodi hutanuka kuliko elektroliti iliyoibeba (tabaka la zirkonia lililo kati ya elektrodi mbili) hadi nyufa zitokee. Mara nyingi kosa huanzia kwenye mizani, kwa kuwa watu hupima gramu huku wakifikiria ujazo. Gramu 56 za oksidi ya nikeli na 44 za zirkonia, oksidi ikishageuzwa kuwa metali kwa hidrojeni, huacha nikeli ya asilimia 40 hivi ya ujazo wa yabisi. Nasisitiza hesabu hiyo ipigwe kabla unga haujaingia kwenye kinu.

Wapo pia wanaoamini kwamba kathodi (elektrodi ya upande wa hewa) ikichomwa kwa moto mkali zaidi hushika vizuri zaidi. Manganaiti ya lanthanamu na strontiamu, ambayo ndiyo kauri ya kathodi hiyo, ikichomwa pamoja na zirkonia kupita nyuzijoto 1,250 hivi, zirkonati ya lanthanamu huota mpakani na kuziba njia ya ioni.

Wengine huona vitundu kuwa kasoro. La hasha: oksidi ya nikeli ikigeuka metali hupungua ujazo kwa takriban asilimia 40, na nafasi inayobaki ndiyo mlango wa gesi. Hewa ikiingia kukiwa bado na joto, nikeli hurudi kuwa oksidi, hufura na kupasua kila kitu, kwa hiyo usifunge hidrojeni kabla tanuri halijapoa.