Mmwagiko wa ghafla wa viwandani: kwa nini simu itangulie ufagio

Kiwanda chenye kibali cha kuingiza majitaka kwenye mtandao wa umma kimeruhusiwa kiasi fulani cha maji, chenye uchafu wa kiwango fulani, kwa siku. Mmwagiko wa ghafla ni kile kinachoingia nje ya utaratibu huo, tena kwa mkupuo. Tangi limepasuka, koki imesahauliwa wazi, pipa limetobolewa na foklifti, au maji ya kuzimia moto yamebeba kemikali zilizokuwa ghalani. Kitu ambacho mtambo wa kutibu majitaka ungekimudu kikija kidogokidogo kwa wiki nzima kinaweza kuuangusha kikifika chote ndani ya nusu saa.

Hii ni tofauti na kumwaga kwa makusudi. Mwaka 1977, mjini Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, taka za kemikali zilimwagwa kinyemela kwenye mabomba ya majitaka, wafanyakazi wa mtambo wa mji wakaugua na mtambo ukafungwa. Ule ulikuwa uhalifu. Mmwagiko wa ghafla hauna nia mbaya ndani yake, lakini bomba halijui nia ya mtu, na madhara yanaweza kuwa yaleyale.

Watu wengi wakisikia habari hizi hufikiria sumu tu. Chukua maziwa. Lita moja ya maziwa freshi inahitaji takriban gramu 100 za oksijeni ili bakteria waimalize, ilhali lita ya majitaka ya kawaida ya mjini haifikishi hata gramu moja. Kwa hiyo tangi la lita 10,000 likipasuka kwenye kiwanda cha maziwa na yote yakaishia kwenye chemba, mtambo unapokea mzigo unaohitaji kilo 1,000 za oksijeni, sawa na uchafu wa siku nzima wa watu zaidi ya 15,000, ambao haukutarajiwa. Damu ya machinjioni, molasi ya kiwanda cha sukari na bia iliyoharibika hufanya vivyo hivyo. Mabwawa ya kutibu majitaka kama ya Vingunguti jijini Dar es Salaam au ya Ruai pembezoni mwa Nairobi yanategemea viumbe hai: bakteria wanaokula uchafu, na mwani unaowapa oksijeni mchana. Wakikosa hewa wanakufa, bwawa linaanza kunuka, na maji yanayotoka upande wa pili yanaingia mtoni bila kusafishwa. Hakuna swichi ya kuwawasha upya. Kuwarudisha kunaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kuna hatari nyingine inayomgusa mtu moja kwa moja. Viwanda vya ngozi hulainisha na kuondoa manyoya kwa chokaa na salfaidi. Maji hayo yakikutana bombani na tindikali iliyomwagika kutoka kiwanda cha jirani, hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Ikiwa nyingi huua hisia ya kunusa, hivyo fundi aliye ndani ya chemba anaacha kuisikia harufu na kudhani imeisha. Kila kiwanda kinaweza kuapa kwamba kilichotoka kwake hakikuwa na gesi yoyote, na kila kimoja kikawa kinasema kweli.

Halafu kuna vinavyowaka. Mji uleule wa Louisville, alfajiri ya tarehe 13 Februari 1981, heksani iliyovuja kutoka kiwanda cha kusindika soya cha Ralston Purina ililipuka ndani ya mabomba makuu ya majitaka. Heksani hutumika kukamulia mafuta kwenye mbegu. Haichanganyiki na maji, huelea juu yake, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala ndani ya bomba na kusafiri mbali na mahali ulipoanzia. Cheche iliyoaminika kutoka kwenye gari lililokuwa likipita ilitosha. Zaidi ya kilomita tatu za mitaa zilifumuka. Hakuna aliyekufa, na saa ya tukio ilichangia sana hilo, maana barabara zilikuwa karibu tupu.

Kinga huanzia sakafuni. Meneja anayetaka kujua hali ya kiwanda chake aanze kwa kutembea na kuuliza swali moja kwenye kila tundu la maji: hili linakwenda wapi? Mengine huenda kwenye majitaka, mengine kwenye mtaro wa maji ya mvua na moja kwa moja mtoni, na katika viwanda vya zamani si ajabu kukuta tundu ambalo hakuna mtu anayejua mwisho wake. Michoro haiaminiki peke yake. Maji yenye rangi isiyo na madhara yakimiminwa tunduni, mtu akasimama kwenye chemba ya mbele, jibu linapatikana.

Kinachofuata ni ukuta wa kinga kuzunguka matangi. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukuta uweze kubeba asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote yaliyomo ndani yake. Ukuta wenyewe hausumbui. Kinachosumbua ni koki yake ya kutolea maji ya mvua. Masika maji yanajaa ndani, mtu anafungua koki yatoke, anaitwa kwingine, koki inabaki wazi. Miezi inapita. Siku tangi linapovuja, ukuta uliojengwa kwa gharama kubwa unakuwa kama pakacha. Dawa yake ni kufuli kwenye koki, ufunguo kwa mtu mmoja wa kila zamu, na daftari la kuandika nani alifungua, saa ngapi, na saa ngapi alifunga. Naona daftari hilo lina thamani kuliko vifaa vingi vya bei, kwa sababu linamlazimisha mtu kurudi.

Mengine ni ya kawaida lakini husahauliwa: mapipa yasikae karibu na tundu la maji, tangi liwe na king'ora cha kujaa kupita kiasi, na mchanga au pumba za mbao ziwe hapo hapo, si stoo iliyofungwa. Mzoea ufagio na mpira wa maji akiona kemikali sakafuni, mkono wake unakwenda kwenye mpira kabla hajafikiri. Anasafisha sakafu vizuri kabisa, na chote kinaingia bombani. Kwanza tundu lizibwe.

Na simu ipigwe wakati huohuo. Hapa ndipo viwanda vingi hushindwa, wala si kwa kukosa namba. Msimamizi wa zamu ya usiku anaogopa kumwamsha bosi, bosi anataka kwanza ajue ni lita ngapi, na kabla hesabu haijakamilika mzigo umeshapita chemba ya barabarani. Mamlaka ya majitaka ikipata taarifa mapema ina la kufanya: kuyaelekeza majitaka kwenye bwawa la akiba, kupunguza yanayoingia, kuwatoa mafundi walio ndani ya mabomba. Ikipata taarifa saa sita baadaye, kinachobaki ni kupima hasara. Kwa hiyo taarifa isiyokamilika inayotolewa sasa ni bora kuliko iliyokamilika kesho: sisi ni kiwanda fulani, kimemwagika kitu hiki, kimeingia tundu hili tangu saa fulani, bado kinaendelea au kimezibwa. Kiasi kitafuata.

Kanuni za shirikisho za Marekani zinasema hivyo karibu waziwazi. Kiwanda kinatakiwa kuijulisha mamlaka ya mtambo mara moja kinapoingiza kitu kinachoweza kuleta matatizo, na mpango wa kudhibiti mimwagiko uwe na utaratibu wa kupeleka maandishi ndani ya siku tano. Kanuni hizohizo zinakataza kuingiza majitaka yanayoweza kushika moto chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, na pia yenye tindikali kali, yaani pH chini ya 5, haya ya tindikali isipokuwa mtambo uwe umejengwa kuyahimili. Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inamtaka mwenye kiwanda kuelekeza majitaka yake kwenye mtandao uliopo, tena kwa leseni. Masharti ya leseni ndiyo mahali pa kutazama nani wa kupigiwa simu, na namba hiyo ibandikwe ukutani palipo na simu, wala isifungiwe kwenye faili la meneja. Kutoa taarifa hakumfutii mtu gharama za uharibifu. Ila mfanyakazi aliyepiga simu asiadhibiwe na mwajiri wake, la sivyo atakayeona mmwagiko unaofuata atanyamaza.

Raia naye ana sehemu yake. Guadalajara, Meksiko, Aprili 1992, wakazi walilalamika kwa siku kadhaa kwamba mabomba yananuka petroli. Wakaguzi walifika, lakini mitaa haikuhamwa. Tarehe 22 petroli iliyokuwa imevuja kutoka bomba la mafuta na kuingia kwenye majitaka ililipuka mfululizo, na zaidi ya watu 200 walikufa kwa hesabu rasmi.

Ukisikia harufu ya petroli, thina au mayai viza ikitoka kwenye chemba au tundu la bafuni, usiwashe kiberiti wala sigara, usifunue mfuniko, sogeza watu na magari mbali, kisha piga simu mamlaka ya maji ya eneo lako na zimamoto, ambao kwa Tanzania ni 114. Eleza mtaa, saa uliyoanza kuisikia na harufu inafanana na nini. Na kama kuna mtu ameanguka ndani ya chemba, usishuke kumfuata bila kifaa cha kupumulia, hata kama ni ndugu yako. Gesi iliyomwangusha bado imo humo.