Mstaafu si mtalii, na kuhamia si kwenda dago

Juzi nimepanda gari ya Jambiani, kijiji cha pwani kusini ya Unguja, natoka mjini, ubavuni pangu kakaa mzee wa kizungu kapakata kikapu, ndani mna mikate miwili ya boflo, nyanya na dawa ya mbu. Mzee yule tunamuona huku kusini mwaka wa sita sasa, asubuhi maji yakitoka anatembea pwani, jioni yuko barazani kwa jirani yake wanacheza bao. Konda akaja kuchukua nauli, sisi wengine katuchukulia ile ya kawaida, kufika kwake akamwambia "mtalii, elfu tano". Mzee akamjibu kwa Kiswahili chake kile cha kupanga neno moja moja, "mimi si mtalii, mimi nakaa Jambiani." Konda akatugeukia, "sasa kama si mtalii anafanya kazi gani?" Mama mmoja nyuma akasema hafanyi kazi huyo, mstaafu huyo. Konda akasema aa, mstaafu, mtalii, si yale yale, na ile elfu tano akaitia mfukoni.

Si yale yale jamani. Hili nalisikia kila siku, madukani, harusini, kwa vijana wanaouza madafu, na juzi ndo likanikaa moyoni kwa sababu nimemuona yule mzee alivyoinamisha kichwa akawa anaipanga mikate yake kikapuni ambayo ilikuwa imeshapangika.

Maana yenyewe ni fupi. Mstaafu aliyehamia ng'ambo ni mtu aliyemaliza umri wa kazi kwao, anaishi kwa pensheni au akiba yake, na makazi yake kayahamishia nchi nyengine, mara nyingi nchi yenye joto na bahari. Basi. Aliyelala hoteli wiki mbili akarudi kwao hayumo humo hata akiwa na miaka themanini, na yule aliyekuja Paje kufungua skuli ya kaiti, yale matiara ya kutelezea baharini, nae hayumo, yule kaja kazini.

Shida iko kwenye maneno, na tuanze na mtalii. Mtalii katoka kwenye kutalii, na kutalii asili yake ni Kiarabu, kukiangalia kitu, kukipitia, kukisoma. Wazee wetu waliosoma mpaka leo utawasikia "nilikuwa nafanya mutalaa", yani nilikuwa najisomea kitabu mwenyewe, basi mutalaa na mtalii ni ndugu wa baba mmoja. Kwa hiyo mtalii ni mtu wa kupitia, leo Mji Mkongwe, kesho msitu wa Jozani, keshokutwa mashamba ya viungo Kizimbani, akimaliza anafunga kitabu anakwenda zake. Hakuna ubaya wowote, nchi hii inakula kwa watu hao, lakini msomaji hakai ndani ya kitabu.

Sasa mstaafu. Nalo ni la Kiarabu, ila njia yake nyengine kabisa na mie nalipenda mno neno hili. Ile "sta" ya mwanzo ni ya kuomba, ni ile ile iliyomo kwenye istighfari, kuomba maghfira. Kinachoombwa kwenye kustaafu ni afu, yani kusamehewa, kuondolewa dhima. Ile dua tunayoisoma kumi la mwisho la Ramadhani, innaka afuwwun tuhibbul afwa, afwa ndo hiyo hiyo. Kwa hiyo aliyestaafu ni mtu aliyeomba aachiliwe mzigo wa kazi, akaachiliwa. Na kwenye mzizi huo huo ndo limo neno afya. Waarabu wenyewe leo mstaafu wanamwita kwa neno jengine, mutaqaid, la mtu aliyekaa chini, na ukiwatajia istaafa wao wanamfikiria mtu aliyejiuzulu, ila sisi Waswahili neno tumelichukua tukalipa maana yetu, na maana yetu ni nzuri kuliko tunavolitumia. Maana siku hizi ukimwita mtu mstaafu unakusudia kachoka, hana kitu, anasubiri kiinua mgongo. Wala mstaafu si lazima awe mzee, kwetu mtumishi wa serikali anaweza kustaafu kwa hiari na miaka 55, lazima ni 60, na Uingereza pensheni ya serikali ilikuwa miaka 66 na sasa inasogezwa kidogo kidogo iwe 67.

Kwa hiyo mmoja kaja kupitia na mwengine kaomba kupumzishwa, vipi wawe yale yale?

Neno la tatu ni letu wenyewe la kibantu, kuhama. Na hapa ndo watu wanateleza zaidi. Kuhama ni kuacha pahala, kuhamia ni kutia mizizi pahala, na ile "i" ndogo ya katikati ina uzito wake. Tena kuna jambo la tatu ambalo si kuhama wala kuhamia, na Wapemba wanalo jina lake. Wavuvi wa Kojani msimu ukifika wanakwenda dago, wanapanga kambi miezi kadhaa Tanga au upande wa Kenya, wanavua, msimu ukigeuka wanarudi kwa wake zao. Humwiti mtu aliyeko dago kuwa kahamia Tanga, watakushangaa. Basi wale wazee wa Canada wanaokwenda Florida theluji ikianza na kurudi kwao theluji ikiyayuka, kila mwaka, nyumba yao na daktari wao viko kule kule kwao, hao nao wako dago. Hawajahamia. Watu wanawahesabu wote fungu moja, halafu mtu anashangaa mbona huyu anarudi na yule harudi.

Sasa kwa nini hasa wanahamia, na kwa nini pwani? Ukimuuliza yeyote hapa atakwambia wamekimbia baridi. Kweli, ila ni nusu ya jambo. Baridi yenyewe hatuijui, kwetu kipupwe kikiingia mwezi wa sita tunatafuta mashuka, wao mzee akiteleza kwenye barafu nje ya mlango wake kavunjika nyonga, na bili ya kupashia nyumba joto inakula pensheni. Lakini yule mzee wa Jambiani siku moja aliniambia kilichomchosha si baridi, ni kiza. London siku zile fupi za mwezi wa kumi na mbili mwangaza wa mchana haufiki masaa manane, Helsinki haufiki hata masaa sita, yani saa kumi ya jioni ambayo sisi ndo kwanza tumetoka kusali alasiri, pale London jua limeshazama. Sisi tuko digrii sita kusini ya ikweta, mchana mrefu wa mwaka na mchana mfupi havipishani hata saa moja, ndo maana jambo hili hatulifikirii. Na pwani inapendwa kwa sababu maji ya bahari yanapata joto polepole na yanapoa polepole, basi kando ya bahari hakuwaki sana wala hakupoi sana, kiungo cha mzee kinapumua.

Lakini baridi na kiza vipo kwao tangu enzi za mababu zao na mababu zao hawakuhama. Kilichobadilika ni pesa. Ujerumani ilianzisha pensheni ya uzeeni kwa sheria ya 1889, nchi nyengine zikafuata, mtu akawa na kipato kinachomfikia bila ya kutegemea mtoto wala shamba. Halafu miaka ya 1960 ndege za bei nafuu zikaanza kuwamwaga watu Hispania kwa likizo, pwani ile ya kusini wanayoiita Costa del Sol ikajengwa mahoteli, mtu akaenda kama mtalii, akarudi mwaka wa pili, wa kumi, siku anastaafu anauza nyumba yake ya mji wa bei ghali ananunua kijumba karibu na bahari na pesa inabaki. Nakubali hapo kwamba mstaafu wa leo mara nyingi ndo mtalii wa jana, mtu yule yule. Lakini mvulana wa jana na bwana harusi wa leo ni mtu yule yule pia, na tunawaita majina mbalimbali.

Na sheria inawasukuma kuliko jua. Muingereza aliyehamia Hispania wakati nchi yake imo Umoja wa Ulaya alikuwa anakaa bila viza, pensheni yake inaongezwa kila mwaka kama yuko kwao, na matibabu yake nchi yake inalipia. Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja huo, kuanzia 2021 mgeni mpya anatakiwa viza na aonyeshe kipato. Ureno toka 2009 waliweka utaratibu wa kuwavuta wageni, pensheni ya nje ilikuwa haitozwi kodi miaka kumi, wastaafu wakamiminika kusini kule Algarve, 2020 wakaanza kuitoza asilimia kumi, 2024 wakafunga mlango kwa wapya. Kama ingekuwa ni baridi tu, kodi ingewahusu nini?

Ndo maana kwetu hawajai kama Hispania, japo jua nasi tunalo. Mstaafu wa Kiingereza akihamia Tanzania pensheni yake ya serikali inagandishwa, inabaki pale pale ilipokuwa siku aliyohama, haipandi tena hata kila kitu kikipanda. Ardhi ya Zanzibar kwa sheria ya 1992 mgeni hamiliki, anakodi kwa mkataba, na nyumba za ghorofa za kununua sehemu ndo zikaja na sheria ya 2010. Ugonjwa mkubwa ukimpata mara nyingi inambidi avuke bahari. Malindi ya Kenya mambo yalienda vyengine, Waitalia walianza kuizoea toka miaka ya 1960 walipojenga kituo cha kurushia satelaiti pale Ngomeni, mmoja akamleta mwenzake, leo utawakuta vijana wa Malindi wanaongea Kitaliana kama cha kunyonya. Hapa kwetu aliyebaki kabaki kwa sababu yake, kaoa, au kapata majirani. Huyu wa kwetu mkewe alifariki, watoto wako miji miwili tofauti, nyumba ikawa kubwa na kimya. Watu wa kwetu hilo ndo linawashinda kabisa, "kwani hana watoto?" Anao. Lakini kwao mzee kukaa peke yake si aibu kwa mtoto wala si adhabu kwa mzee, ndivyo walivyozoea, na mtu asiyefungwa na wajukuu nyumbani ana wepesi wa kufunga mizigo. Mstaafu wetu sisi akifunga mizigo anaelekea alikozikwa kitovu chake, mtu kafanya kazi mjini miaka thelathini, siku ya pili ya kustaafu yuko kwenye boti ya Pemba.

Na hapo nimemkumbuka ami yangu. Alikwenda Uingereza kijana, kafanya kazi huko miaka thelathini na moja, kastaafu, karejea kwao Wete, Pemba. Pensheni yake ni ya kule na imegandishwa vile vile, kila mwaka anaandika kwenye daftari bei ya gunia la mchele na pembeni yake anaandika ile pensheni, upande mmoja unapanda na upande wa pili tarakimu ni ile ile toka ukurasa wa kwanza. Kwa pesa yake yuko sawasawa na mzee wa Jambiani. Lakini alipofika, vijana wa mtaani wakawa wanamwita "yule aliyehamia kutoka Uingereza", akaniita akanambia, mwanangu, waambie mie sikuhamia, mie nimerejea. Sijawahi kumuona kakasirika kwa neno kama siku ile. Na ana haki, mtu hahamii kwao.

Nimepanda tena gari ile wiki hii, konda yule yule, mzee nae alikuwemo na kikapu chake. Konda alipomkaribia nikamwambia polepole, mwanangu, mtalii ni anaepita, huyu ni mkaazi, yuko hapa kabla wewe hujaanza kazi ya gari, mchukulie nauli yetu. Hakubisha, ni kijana mwenye adabu yake, neno tu hakuwa analijua. Akachukua nauli, akarudisha chenji, halafu akamuuliza, "mzee wangu, unashukia skuli au msikitini?"