Goli la ugenini: lilikuwa linafanyaje kazi, na kwa nini Ulaya walilifuta

Kila Simba au Yanga wakiwa na marudiano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, swali linarudi palepale, hivi goli la ugenini bado lipo au lilishafutwa? Ulaya lilifutwa. UEFA, shirikisho la soka la huko, walitangaza tarehe 24 Juni 2021 na kuanzia msimu wa 2021/22 halitumiki kwenye mashindano yao yoyote ya klabu. Afrika bado lipo. Ndo maana watu wanabishana mpaka usiku, mtu kaangalia mechi ya Ulaya katikati ya wiki alafu wikiendi anaangalia ya CAF akidhani hesabu ni zilezile.

Tuanze na maana. Kwenye mtoano wa mechi mbili kila timu inacheza nyumbani mara moja na ugenini mara moja, mabao ya mechi zote yanajumlishwa, aliyezidi anapita, hapo hakuna mjadala. Jumla ikiwa sawa ndo inaangaliwa nani kafunga mengi akiwa ugenini, huyo anapita. Ikigoma hata hapo ndo zinakuja dakika 30 za nyongeza na matuta, yani kupigiana penati. Yani ni kigezo cha kuvunja sare, basi.

Nasisitiza kwa sababu kuna ule usemi kwamba "goli la ugenini linahesabiwa mawili", na sio kweli. Chukulia timu A kashinda nyumbani 4-2, kwenye marudiano kafungwa 1-0. Jumla A ana 4, B ana 3, A kapita na hakuna wa kuuliza mambo ya ugenini. Kama kila goli la ugenini lingekuwa mawili kweli, B angekuwa na 4 za ugenini na 1 ya nyumbani, jumla 5, angepita yeye. Kwaiyo hiyo hesabu ya kuzidisha mara mbili itumie tu pale jumla ilipokuwa sare, nje ya hapo utachana mkeka bure.

Kanuni ilianza msimu wa 1965/66 kwenye Kombe la Washindi Ulaya, lile shindano la mabingwa wa makombe ambalo siku hizi halipo. Honvéd ya Budapest ndo walionufaika wa kwanza, walishinda 3-2 kwa Dukla Prague, wakafungwa 2-1 kwao, jumla 4-4, Honvéd wakapita kwa mabao matatu ya ugenini dhidi ya mawili. Kabla ya hapo timu zikilingana ilibidi zicheze mechi ya tatu uwanja usio wa mtu, na ikishindikana hapo pia, sarafu. Sio utani. Mwaka 1965 Liverpool na Köln ya Ujerumani walitoka 0-0, wakatoka 0-0 tena, mechi ya tatu Rotterdam ikaisha 2-2, mwamuzi akarusha juu kisahani cha kupigia kura na mara ya kwanza kikasimama wima kwenye tope, ikabidi arushe tena ndo Liverpool wakapita. Dakika 300 na zaidi za mpira alafu mnaamuliwa na tope.

Kwaiyo kanuni ilikuja kwa sababu mbili, kuokoa hizo mechi za ziada ambazo hazina nafasi kwenye ratiba, na kumlazimisha mgeni acheze mpira. Enzi hizo kusafiri ilikuwa shughuli, viwanja vibovu, mpinzani humjui hata sura kwa sababu hakuna video za kumwangalia, timu ikienda ugenini inapaki basi, wote wanarudi kulinda goli, na kuomba dua. UEFA wakasema ukifunga huko tutakupa zawadi.

Sasa ukitaka kuielewa hii kanuni bila kusoma vitabu angalia Klabu Bingwa Ulaya ya 2018/19. Sijui kama kuna msimu ulioitumia vizuri hivi, na ukiufuatilia vizuri utaona Tottenham alifika fainali akiwa amebebwa nayo mara tatu.

Mara ya kwanza watu wengi hawaikumbuki maana ilikuwa makundi. Tottenham na Inter walimaliza na pointi 8 kila mmoja nyuma ya Barcelona. Wakaangaliwa walivyokutana wenyewe kwa wenyewe: Inter alishinda 2-1 kwao Milan, Tottenham akashinda 1-0 Wembley, jumla 2-2. Tottenham alikuwa na goli moja la ugenini, la Eriksen pale San Siro, Inter hana. Goli ambalo siku linafungwa mwezi wa tisa lilionekana halina maana kabisa, maana mechi walipoteza dakika za lala salama, ndo lililomtoa Inter mwezi wa kumi na mbili.

Hatua ya 16 bora ikaja Manchester United na PSG. United kafungwa 2-0 Old Trafford, Pogba kapewa nyekundu, Solskjær bado kocha wa muda, anakwenda Paris bila nusu ya kikosi. Matokeo unayajua, 3-1, Lukaku mawili na Rashford kwa penati ya VAR, yani ya mwamuzi kurudia video, dakika za majeruhi baada ya mpira kumgonga Kimpembe mkononi. Jumla 3-3, United ana matatu ya ugenini, PSG mawili. Hakuna timu iliyowahi kufungwa 2-0 nyumbani kwenye mechi ya kwanza ya shindano hilo ikapita, United ndo wa kwanza. Angalia hapo jinsi inavyobana: PSG alikuwa anapita mpaka dakika ya 90, penati moja, katoka, hakuna dakika za nyongeza za kujipanga.

Robo fainali, Tottenham tena, safari hii na Man City. Mechi ya kwanza London 1-0, Son kafunga, na Lloris kadaka penati ya Agüero, penati ambayo kama ingeingia City angekuwa na goli la ugenini mkononi na hadithi yote ingekuwa nyingine. Marudiano Etihad ndo ile ya mabao matano ndani ya dakika 21 za kwanza. Ikafika 4-2 kwa City, jumla 4-3, mpaka hapo City ndo anapita. Llorente akaingiza lile la nyonga dakika ya 73, 4-3, jumla 4-4, Tottenham matatu ya ugenini City sifuri. Alafu Sterling akafunga la tano dakika za majeruhi, uwanja mzima unalia kwa furaha, Guardiola anakimbia, VAR ikasema Agüero kaotea. Kule vibanda umiza kuna watu walishalipa soda za ushindi.

Nusu fainali Ajax. Tottenham kafungwa 1-0 kwake, akaenda Amsterdam akafungwa mengine mawili kabla ya mapumziko, jumla 3-0. Mkenya Victor Wanyama alianza mechi ile, akatolewa mapumziko akaingia Llorente, wakaanza kupiga mipira mirefu. Lucas Moura dakika ya 55, Lucas Moura dakika ya 59, hapo jumla ni 3-2 kwa Ajax. Hebu simama hapo ufikirie kichwa cha beki wa Ajax. Bila goli la ugenini, Tottenham akifunga lingine ni 3-3 tunaenda dakika za nyongeza, bado ana pumzi ya kurudi mchezoni. Kwa kanuni ile, lingine likiingia katoka moja kwa moja maana Tottenham atakuwa na matatu ya ugenini na yeye ana moja. Kwaiyo unalinda kitu ambacho hakina sare, ama uko fainali ama uko nyumbani. Ziyech akagonga mwamba, na dakika ya 96 Moura akapiga la tatu. Wachezaji wa Ajax walianguka chini wote kama waliokatwa kamba.

Usiku mmoja kabla ya hapo Liverpool alikuwa ameipindua meza kwa Barcelona, 4-0 Anfield baada ya kula 3-0 Camp Nou. Ile haikuamuliwa na goli la ugenini kwa sababu jumla ilikuwa 4-3, ila kanuni ilikuwepo uwanjani dakika zote 90. Barcelona wangepata hata moja tu, Liverpool angehitaji matano. Ndo maana zile alizookoa Alisson kipindi cha kwanza zina uzito kuliko watu wanavyozipa, wengi wanakumbuka ile kona ya Trent Alexander-Arnold aliyomalizia Origi. Origi huyo ambaye baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars, ndo akafunga la pili kwenye fainali Madrid, Liverpool 2-0 Tottenham. Fainali ni mechi moja uwanja wa kati, hapo Tottenham hakuwa na ugenini wa kumbeba.

Sasa ukiangalia msimu kama huo unajiuliza, kitu kitamu hivi kwa nini wakafuta? Utamu wote ule uko kwenye marudiano, gharama yake ilikuwa inalipwa kwenye mechi ya kwanza ambayo hakuna anayeikumbuka. Msimu huohuo Liverpool na Bayern walitoka 0-0 Anfield, na mwenyeji hakuonekana kuumia, maana 0-0 nyumbani sio mbaya, hujaruhusu la ugenini. Lyon na Barcelona nao 0-0. Mwenyeji anacheza nyumbani kwake kwa uoga kuliko mgeni. Kanuni iliyotungwa ili mgeni ashambulie ikaishia kumfanya mwenyeji ajifiche, na hiyo ndo sababu kubwa aliyoitoa rais wa UEFA, Čeferin, siku wanaifuta.

Na takwimu zao wenyewe zilikuwa zinaonyesha kwamba ugenini sio ugenini tena. Tangu katikati ya miaka ya 1970 ushindi wa nyumbani ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 61 hadi 47, wa ugenini umepanda kutoka 19 hadi 30. Mabao ya mwenyeji kwa mechi yametoka wastani wa 2.02 hadi 1.58, ya mgeni yamepanda kutoka 0.95 hadi 1.15. Viwanja vizuri kila mahali, ndege nzuri, VAR ipo, refa hatishwi kirahisi na mashabiki, sasa unampa mgeni zawadi ya nini?

Mimi kilichokuwa kinaniudhi zaidi ni dakika za nyongeza. Mmelingana kila kitu baada ya mechi mbili, mnaongezewa 30, na goli la ugenini bado linahesabiwa. Yani mgeni anapata dakika 30 za ziada za kutafuta goli lenye thamani kubwa ambazo mwenzake hakupewa kwenye mechi ya kwanza. Juventus walionja hiyo Machi 2021 na Porto. Porto alishinda 2-1 kwao, Turin ikawa 2-1 kwa Juventus, nyongeza. Sérgio Oliveira akapiga faulo dakika ya 115 ikapita chini ya ukuta, Porto wakiwa kumi tangu Taremi apewe nyekundu kipindi cha pili. Rabiot akasawazisha jumla dakika mbili baadaye, 4-4, na haikusaidia kitu, Porto kapita. Miezi mitatu mbele kanuni haipo. Kwa dakika za nyongeza nakubaliana nao asilimia mia, kwa zile 90 za kawaida ningeiacha kanuni ibaki, ila hakuna aliyeniuliza.

Msimu wa kwanza bila kanuni ukatoa mfano mzuri ambao watu wanaukosea. Nusu fainali ya 2022, City na Real Madrid, City alishinda 4-3 kwake Etihad, Mei kwenye marudiano Bernabéu Mahrez akaifungia City, alafu Rodrygo wa Madrid akapiga mawili dakika ya 90 na 91. Jumla 5-5. Kwa kanuni ya zamani Real Madrid angekuwa kapita palepale, maana ana matatu ya Etihad na City ana moja tu la Bernabéu. Kwaiyo City alipewa dakika 30 za bure na mabadiliko, akazitumia kusababisha penati, Benzema akafunga 3-1.

Huku kwetu hesabu ni ya zamani. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 Yanga kafungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa, akaenda Algiers akashinda 1-0 kwa penati ya Djuma Shaban, jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa sababu USM alifunga mawili Dar na Yanga moja kule. Kwa kanuni ya sasa ya Ulaya hiyo ni dakika za nyongeza. Aprili 2025 Mamelodi Sundowns wakamtoa Al Ahly nusu fainali hivyohivyo, 0-0 kwao na 1-1 Cairo, kwaiyo ukisikia mtu anasema Afrika nako walishafuta, hapana.

Na ukitaka kujua kwa nini 0-0 ugenini sio matokeo mazuri sana kama yanavyosifiwa redioni, waulize Simba wa Agosti 2019. Walitoka 0-0 Msumbiji na UD Songo, watu wakasema kazi imeisha, tunamalizia Dar. Lakini ukitoka suluhu ugenini hujafunga la ugenini, na sare yoyote ya mabao kwako inakutoa. Luis Miquissone akapiga faulo ikaingia, Simba wakasawazisha kwa penati ya Erasto Nyoni mwishoni, 1-1, wakatoka raundi ya awali. Januari iliyofuata Simba wakamsajili Miquissone.