Kimelea si kila kinachomea juu ya kingine

Mvua za masika zinapoanza kupungua, magogo na visiki katika bustani ya miti ya Arboretum, jijini Nairobi, huota uyoga mgumu usio na shina, uliojipachika ubavuni mwa mti mkavu kama vibao vya rafu ukutani. Mwingine una rangi ya chungwa inayokaribia wekundu, mwingine umepambwa kwa mistari ya kahawia na kijivu, na mwingine ni mdogo, mweupe, wenye vinyweleo juu na mikunjo iliyopasuka kwa chini. Nimewasikia watu wazima, zaidi ya mara moja, wakiwaeleza watoto kwamba hivyo ni vimelea na kwamba ndivyo vilivyoua mti. Maelezo hayo hutolewa kwa nia njema, lakini yanautwika uyoga kosa ambalo mara nyingi haukulitenda.

Kimelea, kwa maana yake ya kibiolojia, ni kiumbe kinachoishi juu ya kiumbe kingine kilicho hai, au ndani yake, kikijilisha kutoka kwake na kukidhuru. Vimelea vya malaria vinajulikana kwa kila mtu. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, ni kimelea pia. Neno lisiloweza kuachwa katika maana hiyo ni “hai”.

Mkanganyiko umo ndani ya neno lenyewe, na kwa sababu hiyo siwalaumu wanaoteleza. Kitenzi chake cha asili ni kumea, ambacho Kiswahili kinashirikiana na ndugu zake wengi wa Kibantu: Waganda husema okumera, Wakikuyu kũmera, na Wachewa kumera. Sisi tumeiangusha konsonanti ya mwisho wa mzizi, tukabaki na “mbegu imemea”. Lakini konsonanti hiyo hurudi mara tu tunapoongeza kiambishi cha kutendea, kwa hiyo mea huwa melea, kama vile kaa huwa kalia na zaa huwa zalia. Kumelea, basi, ni kumea juu ya kitu au mahali fulani, na kimelea, kwa umbo lake tu, ni kitu kinachomea juu ya kingine. Hakuna katika umbo hilo dokezo lolote la kunyonya wala la kuua, kama ambavyo jina la kirukia, ule mmea unaoonekana kwenye matawi ya miti mingine, linatuambia tu kwamba umeurukia mti, bila kutaja kwamba unafyonza maji yake. Anayeutazama uyoga juu ya gogo na kuuita kimelea ameusoma mzizi sawasawa. Alichokisahau ni kwamba zahanati na madarasa yamekwisha kulifunga neno hilo kwenye maana finyu zaidi, na msikilizaji wa leo akilisikia hufikiria ugonjwa kwanza. Mzizi huohuo umetupa neno mmea, na umesababisha kosa la pili, la kuuita uyoga mmea, ingawa mwanaikolojia wa Marekani Robert Whittaker aliziweka kuvu, kundi la viumbe ambamo uyoga umo, katika himaya yao peke yao, mbali na mimea, katika mpangilio wake wa mwaka 1969.

Kinachoonekana ubavuni mwa gogo ni kiungo cha uzazi tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotambaa ndani ya mti, zikitoa vimeng’enya vinavyovunja selulosi na, kwa baadhi ya aina, hata lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu na ambayo viumbe wachache sana wanaiweza. Kiumbe anayekula kilichokwisha kufa huitwa kiozeshi, kwa sababu anaozesha, na bila kazi yake virutubisho vilivyomo katika gogo vingekawia mno kurudi udongoni.

Lazima nikiri kwamba mpaka huu haukuchorwa kwa rula. Baadhi ya kuvu za jenasi ya Ganoderma huushambulia mti ungali hai, kisha huendelea kuula baada ya kufa, zikiwa vimelea leo na viozeshi kesho. Gogo lenyewe hutusaidia kidogo kupambanua. Uyoga wa aina hii huelekeza vitundu vyake chini ili spora, zile chembe zake za uzazi, zidondoke bila kizuizi. Kibao kilichokomaa mti ukiwa umesimama hubaki kimeinuka wima mti unapoanguka, ilhali vile vinavyoota baadaye hulala sambamba na ardhi. Gogo ambalo vibao vyake vyote viko sambamba na ardhi linaonyesha kwamba uyoga huo ulijitokeza baada ya mti kulala. Hata vile vya wima havithibitishi mauaji, kwa kuwa mti mfu huweza kusimama kwa miaka mingi, na hata katika mti ulio hai kuvu nyingi hula moyo wa mti, sehemu ambayo seli zake zilikwisha kufa zamani.

Kwa hiyo, ukisimama na mtoto mbele ya gogo lililolala lenye vibao vilivyotandazwa hivyo, mwambie kwamba huo ni uyoga, na kwamba ni kiozeshi. Akiuliza ni nini kilichouua mti, mweleze kwamba uyoga huo peke yake hauwezi kutuambia.