"Resident" na "inhabitant": wote wakazi, lakini si sawa

Kila muhula wanafunzi wetu wa tafsiri hapa Kisumu huniletea "residents of Kondele" na "inhabitants of Kondele", na zote mbili wameandika "wakazi wa Kondele". Kiswahili chao hakina kosa. Tatizo huja wanapogeuza kwenda Kiingereza, kwa sababu huko maneno hayo hayashiki nafasi ya mwenzake kila mara.

"Resident" ni mtu mwenye makao yanayotambulika, na mara nyingi sheria ndiyo inayoamua. Tazama kodi ya mapato ya Kenya. Asiye na nyumba ya kudumu nchini huhesabiwa "resident" akiwa hapa siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato. Aliye nayo, akiwapo hata kwa siku chache mwaka huo, tayari ni "resident". Uraia hauulizwi. Mganda mwenye duka Kisumu anaweza kuwa "resident" bila kuwa raia wa Kenya.

"Inhabitant" haidai karatasi yoyote. Ni yeyote anayeishi mahali, hata asiye binadamu: heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, ni "inhabitants" wa Ziwa Nakuru. (Wataalamu wa ndege nao wana "resident" yao, ndege asiyehama kwa misimu.)

Kinachonivutia zaidi ni asili ya maneno haya. "Resident" limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuketi. Nasi je? Kukaa ni kuketi, kukaa ni kuishi, na humo ndimo alimozaliwa mkazi! "Inhabitant" nalo mzizi wake wa mbali ni kitenzi cha kuwa na kitu, jambo linalonikumbusha mwenyeji, yaani mwenye mji. Hata hivyo, nawasihi msilitafsiri hivyo. Aliyehamia Nakuru juzi ni "inhabitant" wa Nakuru, ila hakuna atakayemwita mwenyeji. Mwenyeji anaujua mji na ndiye hupokea wageni.

Fomu ndizo hutatiza watu wengi huku kwetu, maana tunatenganisha nyumba na nyumbani. Mtu atakuambia nyumba yake iko Kondele, lakini nyumbani ni Siaya, alikozikwa babu yake. Akiulizwa ni "resident" wa wapi, moyo humtuma aandike Siaya. Ikiwa maisha yake ya kila siku yako Kondele, aandike Kondele. Siaya itabaki kuwa nyumbani.